Nyumba ya baba Kamalondo, na tume ya kulinda majengo ya kale

SWALI

"Marehemu baba alituachia nyumba Kamalondo: matofali ya kuchoma, paa la manjanja (mabati), barza mbele, ya tangu wakati wa Wabelgiji. Kaka zangu wanataka kuiuza kwa mfanyabiashara ambaye ataibomoa ajenge ghorofa la maduka. Mpwa wangu anayesomea usanifu anasema kule Marekani kila mji una tume ya kulinda majengo ya kale, na kwamba Lubumbashi nayo ingefaa iwe nayo. Tume ya namna hiyo inafanya kazi gani hasa? Inaweza kumkataza mtu kubomoa nyumba yake? Na nikiipigania hapa kwetu, si nitakuwa nimejifunga mwenyewe?"

JIBU

Mama, mpwa wako amesema kweli, ila amezidisha kidogo. Si kila mji wa Marekani una tume hiyo. Zipo zaidi ya 2,000, nyingine katika miji midogo kuliko Likasi, lakini miji mingi bado haina. Mimi ni msanifu, kazi yangu ni majengo ya zamani, na wanaoniuliza habari hizi karibu wote wana hofu yako hiyo ya mwisho. Basi nianze nayo.

Tume haichukui nyumba. Sertifika ya nyumba inabaki kwa jina la mwenyewe. Anaweza kuiuza, kuirithisha, kuipangisha, kuishi humo au kuifunga na kwenda zake. Kinachobadilika ni kitu kimoja: nyumba ikishaingia kwenye orodha ya mji, mwenyewe haruhusiwi kuibomoa, kuiongeza wala kubadilisha sura yake ya nje kabla hajapeleka ombi mbele ya tume na kupata hati ya kibali. Bila hati hiyo, ofisi inayotoa permi ya kujenga haimpi permi. Nguvu yote iko hapo. Tume haina askari, fedha zake ni kidogo, na wajumbe wake wengi hawalipwi. Ina muhuri tu, ila ni muhuri ambao permi haitoki bila huo.

Mambo haya yalianza Charleston, katika jimbo la South Carolina, mwaka 1931. Magari yalikuwa yameongezeka, na nyumba za kale za mji ule zilikuwa zikibomolewa moja moja kupisha vituo vya petroli. (Ukipita kwenye barabara zetu kubwa ukahesabu stesheni za mafuta, utawaelewa watu wa Charleston.) Mji ukachora mpaka kuzunguka mitaa yake ya zamani, ukaunda baraza la kukagua mchoro wa kila jengo ndani ya mpaka huo. New Orleans ikafuata miaka michache baadaye kwa ajili ya mtaa wake wa Vieux Carré. New York ilichelewa: ilingoja mpaka stesheni yake kubwa ya treni, Pennsylvania Station, ilipoanza kubomolewa mwaka 1963 huku watu wakiandamana bila kusikilizwa. Sheria ya tume ikapitishwa mwaka 1965, kazi ya kuibomoa stesheni ikiwa imeshasonga mbele.

Tume hiyo ya New York ina wajumbe 11, na sheria inasema ni watu wa namna gani. Lazima wawemo wasanifu wasiopungua 3, mwanahistoria, mtaalamu wa mipango ya mji au wa bustani na mandhari, mtu wa biashara ya nyumba na viwanja, na kila moja ya sehemu 5 za mji iwe na mkazi wake ndani. Huyo wa biashara ya nyumba namtaja makusudi. Watu wengi wanaopenda majengo ya kale wangependa asiwepo. Mimi nasema tume isiyo na mtu anayejua bei ya lupango (kiwanja) itatoa maamuzi mazuri ya karatasi ambayo hakuna mwenye nyumba atakayeweza kuyatekeleza.

Sasa swali lako la katikati: inaweza kukataza? Huko, ndiyo. Kampuni iliyokuwa na stesheni nyingine ya New York, Grand Central, ilitaka kujenga juu yake mnara wa ghorofa zaidi ya 50. Tume ikakataa. Kampuni ikaenda mahakamani ikidai kwamba kukatazwa kujenga ni sawa na kunyang'anywa mali bila fidia. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1978 majaji 6 kwa 3 wakaamua kwamba mji haukunyang'anya chochote: stesheni inaendelea kufanya kazi yake, inaendelea kuingiza fedha, na haki ya kujenga juu ambayo mwenyewe hawezi kuitumia pale inaweza kuhamishiwa viwanja vya jirani. Tangu siku hiyo tume za miji zimesimama kwenye ardhi ngumu.

Lakini kuna jambo linalowashangaza hata Wamarekani wenyewe. Nchi yao ina rejista ya taifa ya majengo ya kihistoria, iliyotokana na sheria ya mwaka 1966. Jengo likiingia humo linapata heshima, na mwenyewe akilitengeneza kwa shughuli ya kuingiza fedha anaweza kupunguziwa kodi kwa asilimia 20 ya gharama. Hata hivyo, rejista hiyo kubwa haimzuii mwenye nyumba anayetumia fedha zake mwenyewe. Akitaka kubomoa kesho, anabomoa. Anayeweza kumzuia ni mji wake, kwa sheria ndogo iliyopigiwa kura na madiwani anaowajua kwa majina. Shika hilo, Mama, maana nitalirudia tukifika kwetu.

Kazi yenyewe ya kila siku haina makeke. Chukua mtu anayetaka kutoa madirisha ya mbao aweke ya alumini. Anajaza fomu, anaweka picha za nyumba ilivyo leo, mchoro wa atakavyoifanya, na maelezo ya vifaa. Mtumishi wa ofisi anaangalia kwanza. Likiwa jambo dogo, tuseme kutoa manjanja yaliyooza na kuweka mengine ya namna ile ile, anagonga muhuri na wajumbe hawasumbuliwi. Likiwa kubwa, tangazo linatolewa, majirani wanajulishwa, na siku ya kikao mwenye nyumba anasimama kujieleza. Jirani mwenye neno analisema. Kisha wajumbe wanajadiliana hapo hapo mbele ya watu, si kwenye chumba cha nyuma. Mara nyingi jibu linakuwa "ndiyo, ila": alumini iwe upande wa nyuma, mbele zibaki mbao, ghorofa iongezwe, lakini isogezwe nyuma ili mtu aliye barabarani aendelee kuiona nyumba kama alivyoizoea. Sababu zinaandikwa, na asiyeridhika anakata rufaa.

Kwa kawaida wanachotazama ni kile kinachoonekana kutoka barabarani: paa, madirisha, barza, ukuta wa mbele, ua. Jiko lako, vyumba vyako, choo chako, havimhusu mtu. Rangi ya ukuta nayo miji mingi huiacha.

Pagumu ni pawili. Kwanza ni mtu asiye na uwezo. Sheria nyingi zina mlango wake: mwenye nyumba akionyesha kwa hesabu, si kwa machozi, kwamba jengo lile haliwezi kabisa kumpa matumizi ya maana, tume humfungulia njia. Pili ni mjanja. Anajua akiomba kubomoa atanyimwa, basi anaondoa manjanja machache upande mmoja na kuiachia mvua kazi. Baada ya masika mawili ukuta umelala, naye anakuja na barua kwamba nyumba ni hatari kwa wapita njia. Miji mingi imeandika kwenye sheria zake kwamba mwenye jengo lililoorodheshwa analazimika kuziba paa na kushikiza kuta. Asipofanya anatozwa faini, au mji unatengeneza na kumdai. Kwetu ambako mvua inaanza Oktoba na kunyesha hadi Aprili, hiyo ni kanuni ya kwanza ambayo ningeidai.

Lakini kukataza na kuruhusu si kiini cha kazi. Ukiniuliza tume ifanye jambo gani moja kama haiwezi kufanya mengine, nitakwambia: iandike. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tume inayofanya kazi vizuri huanza kwa kupita mtaa kwa mtaa na fishi (karatasi ya maelezo ya nyumba) mkononi, nyumba kwa nyumba, kabla mtu yeyote hajaomba kubomoa. Avenyu na namba, picha ya mbele na ya ubavu, vifaa vya ukuta na paa, mwaka wa kujengwa kama unajulikana, aliyeijenga, waliokaa humo, mambo yaliyotokea humo. Orodha inatoka kwenye fishi hizo. Bila fishi, tume inaletewa jina la nyumba siku ile ile tingatinga linapofika, na mwenye nyumba ana haki kabisa ya kuuliza: mbona hamkuniambia kabla sijalipa?

Wamarekani wana vigezo vinne vya rejista yao ya taifa, na tume nyingi za miji zimeviiga kwa namna moja au nyingine: jengo linahusiana na tukio kubwa; au na mtu muhimu; au usanifu wake ni wa pekee; au mahali hapo pana habari za zamani zinazoweza kupatikana kwa kuchimba na kuchunguza. Umri pia: kwa kawaida jengo huanza kufikiriwa likifika miaka 50, New York ikiwa 30. Angalia kwamba uzuri umo katika kimoja tu kati ya vinne. Hata hivyo kwa miaka mingi orodha zao zilijaa nyumba za matajiri, makanisa yenye nguzo na mabenki, na mitaa ya watu Weusi ikawa inabomolewa kupisha barabara kuu bila fishi hata moja. Lawama hiyo wanaitoa wenyewe, na wanajitahidi kurekebisha.

Sisi tuko tayari kurudia kosa hilo hilo. Mwulize mtu yeyote wa mjini akutajie majengo ya kulindwa ya Lubumbashi, atakutajia Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, sinagogi ya Raymond Cloquet, lile jengo la teatri la Claude Strebelle ambalo leo tunaliita Jengo la 30 Juni, hoteli ya zamani ya katikati ya mji, na bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines pamoja na mlima mweusi wa mabaki ya shaba ulio kando yake. Yote yanastahili, sibishi. Élisabethville, yaani Lubumbashi ya wakati wa ukoloni, ilianzishwa mwaka 1910, tanuru la kampuni ya madini ya Union Minière likatoa shaba ya kwanza mwaka 1911, na mlima ule ni kumbukumbu ya jasho la wazee wetu kuliko sanamu yoyote. Ila tazama orodha hiyo inaishia wapi. Karibu yote iko upande mmoja wa lile eneo tupu, lenye upana wa mamia ya mita, ambalo serikali ya kikoloni ililiacha kati ya mji wa wazungu na cité ya weusi. Kamalondo, ambayo wakati huo iliitwa Albert, ndiyo iliyokuwa ng'ambo ya pili. Mipaka ya mji ule uliogawanywa bado inasomeka ukisimama Kamalondo. Ukibomoa Kamalondo yote na kubakiza katikati ya mji, wajukuu watadhani Élisabethville ilijengwa na kukaliwa na wazungu peke yao.

Na kuna nyumba zisizo na sura kabisa. Ile ya mlowezi wa Kibelgiji aliyeitwa Brouwez ni nyumba ya kawaida, mtu angeipita bila kugeuka. Ndani yake, tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walishikiliwa na kupigwa kabla ya kupelekwa kuuawa usiku ule ule. Tume inayopima kwa uzuri ingeiacha ibomolewe. Tume inayopima kwa vigezo vinne ingeiweka namba moja. Vivyo hivyo uwanja wa mpira ambako wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi mwezi Desemba 1941: nyasi na mistari ya chokaa, hakuna nguzo, hakuna sanamu ya malaika.

Kwa hiyo nyumba ya baba yako, Mama, isingekuwa na sababu ya kuona aibu mbele ya tume.

Tuje kwenye sheria yetu. Katiba ya 2006, katika ibara ya 46, inasema Serikali inalinda urithi wa utamaduni wa taifa. Na kabla ya hapo ipo Sheria-Amri namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 kuhusu ulinzi wa mali za utamaduni, inayofungua njia ya kuweka jengo kwenye orodha ya taifa ya yanayolindwa. Tatizo ni umbali. Njia hiyo inapitia wizarani Kinshasa, na nyumba ya barza ya Kamalondo haitawahi kuwa jambo la haraka kwenye meza ya waziri. Sheria ya taifa inafaa kwa majengo machache makubwa. Kwa mitaa, kwa nyumba za kawaida zinazobomolewa mwisho wa juma wakati ofisi zimefungwa, kinachohitajika ni kitu cha mji: uamuzi wa mkoa au wa meya unaosema kwamba yeyote anayeomba permi ya kujenga mahali penye jengo lililo kwenye orodha, ombi lake lipite kwanza kwa tume. Ardhi yetu tayari ni ya Serikali tangu sheria ya mwaka 1973. Mwananchi ana konsesyo (haki ya kutumia kiwanja) na sertifika, na permi ya kujenga analazimika kuiomba. Ngazi ipo. Inakosekana hatua moja katikati.

Nakusikia ukicheka. Hatua moja zaidi, saini moja zaidi, bahasha moja zaidi. Ni kweli, na anayependekeza tume hapa Lubumbashi bila kulisema hilo anakudanganya. Kila muhuri mpya katika ofisi zetu hupata bei yake. Ndiyo maana ningekubali tume iundwe kwa masharti tu. Orodha ichapishwe na kubandikwa kwenye komini kabla tume haijapokea ombi la kwanza, ili nyumba isiyokuwemo isije "ikagunduliwa" kuwa ya kihistoria pale mwenyewe anapopata mnunuzi. Tume ipewe siku zinazohesabika za kujibu, na zikipita kimya, ombi liwe limekubaliwa. Kikao kiwe cha wazi. Kila jibu liandikwe sababu yake na kubandikwa mlangoni. Na wajumbe wasitoke ofisini peke yake: nataka fundi mwashi mzee anayejua matofali, nataka mtu wa viwanja, nataka mama aliyezaliwa Kamalondo anayekumbuka nani alikaa wapi. Wasomi tutapata nafasi mbili tatu, zinatutosha.

Jirani zetu wa mwambao wametutangulia. Zanzibar iliunda mamlaka ya hifadhi na uendelezaji wa Mji Mkongwe mwaka 1985, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingia katika Urithi wa Dunia. Lamu ikaingia mwaka 2001. Sheria wanazo, orodha wanazo, wataalamu wanao. Na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jengo maarufu kuliko yote Zanzibar, iliporomoka katikati ya matengenezo na kuua watu wawili. Ubelgiji nayo iliunda tume ya kifalme ya majengo ya kale mwaka 1835, na haikuzuia Maison du Peuple, jengo maarufu la msanifu Victor Horta, isibomolewe Brussels mwaka 1965. Tume haishiki paa. Paa linashikwa na misumari, na misumari hununuliwa.

Ndiyo maana nataka kusema nawe zaidi kuhusu nyumba yenyewe, maana tume hata ikija, itakuja baada ya kaka zako kusaini.

Kwanza, sahihi yao haitoshi. Kanuni ya familia ya mwaka 1987 inawaweka watoto wote wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, wa kike kwa wa kiume, bila kubagua. Maadamu mirathi haijagawanywa, nyumba ni yenu nyote, na mnunuzi mwenye akili atataka saini yako pia. Zungumza na mwanasheria kabla ya kikao cha familia. Huna haja ya tume ya Marekani kupata nafasi ya kusema kwenye meza hiyo; unayo.

Pili, jua ulicho nacho. Matofali ya zamani ya hapa kwetu mengi yamefinyangwa kwa udongo wa vichuguu na kuchomwa kwenye tanuru la kienyeji. Ni matofali laini: ukikwaruza kwa ufunguo yanatoa unga. Ukuta wa namna hiyo unapumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini unatokea usoni mwa tofali na kukauka. Ninachokiona kila mara katika nyumba hizi ni mtu mwenye nia njema aliyepaka sementi sehemu ya chini ya ukuta, mita moja hivi, "ili kuimarisha". Sementi ni ngumu na haipitishi maji. Unyevu unabaki ndani, unapanda juu zaidi, na chumvi yake inalipasua tofali nyuma ya plasta. Ukigonga plasta hiyo kwa kidole utasikia uwazi. Ikianguka, inaanguka na uso wa tofali, na fundi anasema: "Mama, matofali yameoza, tubomoe." Hayajaoza. Yamezibwa. Bandua sementi hiyo mwanzoni mwa kiangazi, mwezi Mei, acha ukuta ukauke hadi Septemba, kisha ziba viungo kwa mchanganyiko laini wa chokaa na mchanga. Chimba mfereji mdogo unaopeleka maji ya manjanja mbali na msingi. Kazi hiyo inafanywa na mwashi mmoja na msaidizi, na katika nyumba nyingi ndiyo inayomaliza kile kilichokuwa kikiitwa uzee.

Angalia na juu. Nyumba za wakati ule zina matundu ya hewa chini ya paa, na dari iliyo mbali na manjanja. Wengi wameyaziba kwa ajili ya popo au wezi, kisha wananunua feni. Weka wavu, usizibe. Manjanja yenyewe yakiwa yametoboka, badilisha bila wasiwasi; hakuna tume yenye akili itakayokulazimisha kukaa chini ya kutu. Chunga tu fundi asilifupishe paa ili kuokoa manjanja mawili. Ukingo ule mrefu unaofunika barza ndio unaoukinga ukuta na mvua ya Januari.

Tatu, huyo mfanyabiashara. Usimchukulie kama adui. Anataka uso wa barabara na mita za kuuzia. Katika mitaa ya kale ya Marekani jibu la tume kwa watu kama yeye mara nyingi lingekuwa: acha chumba cha mbele na barza, fungua humo duka, jenga ghorofa lako nyuma ya lupango. Hapa kwetu malupango ya Kamalondo si mapana, kwa hiyo pengine hesabu haitakubali. Pengine itakubali. Hakuna anayejua mpaka mtu apime. Mpwa wako anasomea usanifu: mpe kazi hiyo. Na aje na mita ya kupimia, achore nyumba ilivyo, ukuta kwa ukuta, aonyeshe mahali maji na kivuli vinapita, apige picha barza kutoka ng'ambo ya avenyu na kila dirisha kwa karibu. Umsimulie yeye, ukiwa umekaa humo ndani, baba alinunua kwa nani, alifanya kazi wapi, nani aliwahi kupanga chumba cha nyuma, harusi na vilio vilivyopita hapo. Aandike. Hiyo ni fishi kamili, ya aina ile ile ambayo tume ya Charleston au New York ingeiomba, na anaweza kuendelea na nyumba ya jirani, na inayofuata, pamoja na wanafunzi wenzake. Siku meya akiamua kuunda tume, atakuta avenyu yenu imeshaandikwa. Nyumba zilizoandikwa ndizo zitakazoanza kuzungumziwa.

Akishamaliza michoro miwili, mmoja wa nyumba ilivyo na mmoja wa duka mbele na ghorofa nyuma, pelekeni yote kwenye kikao cha familia, na mfanyabiashara aitwe. Bei isitajwe kwanza. Mwulizeni anahitaji mita ngapi za duka, na kama mchoro wa pili unazitoa. Akisema unazitoa, andikeni kwenye mkataba kwamba sehemu ya mbele haibomolewi na mwanasheria aisome mbele yenu. Akisema hautoshi, mtakuwa na vipimo, picha na habari za nyumba mkononi kabla funguo hazijatoka, nanyi mtaamua kuuza au kutouza mkijua mnauza nini.